Nilisema Sijambo

Treni ilikuwa imebakiza dakika chache kuingia stesheni, nami nilikuwa nimeshainuka nusu, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele, mwingine ukipapasa kiatu chini ya kiti. Kiatu hicho nimekikumbuka mara nyingi kuliko kinavyostahili. Breki zikakaza ghafla. Wengi husimulia mlio wa kutisha. Mimi nilisikia chupa zikibingirika, mtoto akilia, kikombe kikigonga chuma. Kisha sanduku likachomoka kwenye rafu ya juu, likaniangukia kati ya shingo na bega la kushoto, na nilipozinduka nilikuwa sakafuni nimekumbatia mguu wa mtu nisiyemjua.

Mwenye sanduku alikuwa mzee wa heshima zake, kofia imemwendea upande. Alikuja akiomba radhi huku mikono inamtetemeka, nami nikamwamkia nikiwa bado chini: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Nilidhani limekaa vizuri."

Baada yake akaja mhudumu wa behewa, mwanamume wa makamo mwenye daftari dogo. Akachuchumaa mbele yangu.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo," nikasema.

Ningejibu nini? Tangu nijue kusema, anayeulizwa hujambo hujibu sijambo. Mgonjwa aliyelazwa hujibu sijambo. Mfiwa hujibu sijambo, ndipo aanze kulia. Jambo lenyewe hufuata baadaye, aliyeuliza akishakaa na kukupa nafasi. Huyu hakukaa. Aliandika mstari mmoja, akamgeukia mtoto aliyekuwa akitokwa na damu puani, na sikumlaumu. Damu huonekana.

Nilishuka kwa miguu yangu. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami alinibebea mkoba hadi nje, na kabla hatujaachana akaichukua tiketi yangu, akaandika nyuma yake namba ya simu. "Utaihitaji," akasema. Nikadhani ni ukarimu wa safarini tu.

Usiku ule nililala fofofo. Asubuhi shingo ikakataa kugeuka. Daktari hakushangaa: mwili ukishtuka huyaficha maumivu kwanza, na misuli iliyovutwa kwa nguvu huanza kudai chake baada ya saa kadhaa, au siku moja mbili. Eksirei ilitoka safi. Eksirei huonyesha mifupa, na mifupa yangu ilikuwa mizima. Nikapewa dawa za maumivu na karatasi ya mapumziko ya wiki moja.

Mimi ni fundi cherehani. Mkate wangu uko kwenye shingo iliyoinama na vidole vya kushoto vinavyoongoza kitambaa chini ya sindano. Wiki ya tatu nilijidunga kidole cha shahada nisihisi chochote, mpaka nilipoona tone jekundu kwenye gauni jeupe la mteja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaliandikia shirika la reli barua ya kurasa mbili, nusu yake salamu na shukrani. Jibu lilichukua wiki 6, nalo lilikuwa fupi. Kwa mujibu wa taarifa ya mhudumu, abiria "alisema hajambo" na alishuka bila msaada. Sanduku lilikuwa mali ya abiria mwingine. Hata hivyo shirika lilinipa pole, na bila kukubali kosa lolote lilikuwa tayari kunilipa kiasi ambacho kisingetosha hata nusu ya kipimo cha MRI, picha inayoonyesha hata sehemu laini za mwili, nilichokuwa nimeshaandikiwa. Nyuma ya barua palibanwa karatasi ya kutia saini.

Nilikaribia kuitia. Nisijisifu kwamba ni busara iliyonizuia. Lilinizuia fungu moja la maneno nisilolielewa: "madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana". Yasiyojulikana na nani? Nikaipeleka karatasi kwa wakili niliyewahi kumshonea suti mbili.

Aliisoma akiwa amesimama. "Fundi, ukitia saini hapa, hata mkono ukipooza mwakani utakuwa umeshalipwa."

Nilitarajia aniulize ninaumwaje. Akaniuliza tiketi iko wapi. Nilikuwa nayo, kwa sababu ya ile namba tu. Kisha akauliza kama nimewaandikia wasifute rekodi. Rekodi gani? Akavua miwani. Kichwa cha treni, akaniambia, hubeba kifaa kinachohifadhi mwendo wa treni na namna breki zilivyofungwa, sekunde kwa sekunde. Mabehewa mengine yana kamera. Hizo kumbukumbu hazikai milele. Mpya huandikwa juu ya zilizopita. "Wewe ulikuwa unawaandikia shukrani, na kifaa kilikuwa kinajifuta." Barua ya kuwataka wahifadhi kila kitu ilitoka ofisini kwake jioni ileile. Akanionya pia kuhusu ukomo wa muda: India, ambako kuna baraza maalumu la madai ya reli, abiria aliyeumia ana mwaka 1; England ni miaka 3. Kila sheria ina saa yake ya ukutani, na maumivu hayaisimamishi.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa sanduku. Alinisimulia kesi ya mwanamke aliyekuwa akisubiri treni kwenye jukwaa la stesheni huko New York mwaka 1924. Wafanyakazi wa reli walikuwa wakimsaidia mtu kudandia treni iliyoanza kuondoka. Kifurushi chake kikaanguka, kumbe ndani mna fataki. Zikalipuka, na upande wa pili wa jukwaa mizani kubwa ikamwangukia yule mwanamke. Helen Palsgraf alishinda mwanzoni, lakini mwaka 1928 mahakama ya rufaa ikamgeuzia hukumu, majaji 4 dhidi ya 3. Hoja ilikuwa kwamba wafanyakazi wale wasingeweza kuona mbele kuwa kifurushi kama kile kingemdhuru mtu aliyesimama kule.

"Kwa hiyo nimeshindwa?" nikauliza.

"Kwa hiyo tusiseme sanduku lilianguka. Tuseme kwa nini lilianguka, na nani alipaswa kujua kwamba litaanguka."

Ndipo tukaipiga ile namba. Yule mama alikuwa msafiri wa kila siku wa treni hiyo, na alikuwa akiisubiri simu yangu kama mtu aliyedaiwa. Chuma cha kuzuia mizigo kwenye rafu ile, akasema, kilikuwa kimeng'oka upande mmoja na kufungiwa kwa kamba ya bluu. "Kamba hiyo nimesafiri nayo miezi mitatu. Mhudumu mwenyewe nilimwonyesha." Alikuwa hata na picha, aliyompigia mumewe kumchekesha. Wakili alipoiona alifanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya nilipokuwa nikimpima suti: alicheka kwa sauti.

Rekodi za kichwa cha treni zilipatikana baada ya barua nne. Zilionyesha treni ikiingia kwenye kipande kile kwa mwendo uliozidi kikomo, kisha breki zote kufungwa kwa mpigo. Basi suala la nani alipaswa kujua likapungua ukali.

Likaja la pili, la shingo yangu. Kampuni ya bima ya shirika la reli ilinipeleka kwa daktari wake. Aliniangalia kwa dakika 12. Najua kwa sababu saa ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Inua, geuza, bana kidole changu. Wakati huo MRI ilikuwa imeonyesha diski, ile sahani laini inayotenganisha pingili, imechomoza kati ya pingili ya 5 na ya 6 za shingo, ikigusa mshipa wa fahamu unaoshuka hadi kidole gumba na cha shahada. Hakuikana. Aliandika kwamba hali hiyo "inaelekea kutokana na kazi ya mdai ya kuinama kwa miaka mingi".

Ripoti hiyo iliniuma kuliko sanduku, hasa kwa kuwa nilihofia ina ukweli. Miaka 14 nimeinama. Nani ajuaye shingo yangu ilikuwaje asubuhi ya safari? Nikawa silali, nasoma kwenye simu usiku. Nikakuta kwamba ugomvi wangu una umri mkubwa kuliko babu yangu. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji wa London, John Eric Erichsen, alieleza habari za abiria waliotoka kwenye ajali za treni bila alama yoyote mwilini, kisha siku chache baadaye wakaanza kuumwa mgongo, kufa ganzi, kukosa usingizi. Hali hiyo ikaitwa mgongo wa reli, na madaktari wakaanza kuitwa mahakamani, hawa wakisimama na abiria, wale na kampuni. Mwaka 1883 Herbert Page, naye daktari wa upasuaji lakini wa kampuni moja ya reli, akajibu kwamba wengi wao uti wa mgongo haukuguswa kabisa. Ni mshtuko na hofu. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu gizani, shingo ikanikumbusha nisicheke.

Nilipompelekea wakili hofu yangu kuhusu miaka 14, hakuonekana kujali. "Aliyekuumiza amekukuta ulivyo," akasema. "Kama ulikuwa yai, ameliangusha yai. Hawezi kusema ungekuwa jiwe usingevunjika." Kumbe ni kanuni inayojulikana na mahakama nyingi. Swali likabaki moja: kabla ya siku ile vidole vilikuwa vikifanya kazi au havikuwa vikifanya?

Na hapo, bila mimi kutarajia, daftari langu la oda likawa shahidi bora kuliko wote. Sina hati ya mshahara wala mwajiri wa kuandika barua. Nina daftari lenye jina la mteja, vipimo, siku ya kuchukua nguo na tiki nguo ikichukuliwa. Wakili alilifungua mezani, akahesabu. Mwezi kabla ya ajali, nguo 31. Mwezi baada yake, 4, na kati ya hizo moja ni gauni lile lenye doa, ambalo nililipa mwenyewe. Afisa wa madai wa kampuni ya bima alilipitishia daftari kidole ukurasa kwa ukurasa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona kama mtu aliyekuwa na kazi.

Lakini hakuwa mjinga. "Dada, wakati breki zinafungwa ulikuwa umekaa?"

Wakili aliniangalia. Hakunikonyeza wala kunikanyaga mguu. Alikuwa ameshaniambia nyumbani kwake kwamba swali hilo litakuja na kwamba nijibu lilivyo. Nikasema nilikuwa nimeinuka nusu, natafuta kiatu. Afisa akaandika. Kwa sababu ya kiatu hicho wakakata asilimia 15 ya fidia, kama mchango wangu katika kuumia kwangu. Ndugu zangu wakaona nimejiponza kwa mdomo. Mimi naona hesabu ilikuwa ya haki, ingawa kiatu chenyewe sikukipata.

Kuhusu sijambo, afisa aliirudia mara mbili kwenye kikao, kama mtu anayeonyesha karata. Mara ya pili wakili alimuuliza swali moja, kwa upole: "Wewe umeingia hapa asubuhi nikakuuliza hujambo, ukanijibuje?"

"Sijambo."

"Na ulikuwa unakohoa hivyohivyo?"

Afisa alikuwa na kikohozi tangu tuanze. Akafunga jalada, akaomba dakika kumi. Zikawa arobaini.

Walicholipa kilikuwa karibu mara 9 ya kile cha kwanza: matibabu yaliyopita, miezi 5 ya mazoezi ya viungo, nguo zisizoshonwa, na kiasi cha maumivu yenyewe, ambacho kilijadiliwa kama bei ya kitambaa, huyu anapandisha, yule anateremsha. Hati ya mwisho ilikuwa na maneno yaleyale, yanayojulikana na yasiyojulikana. Safari hii nilijua maana yake. Nilisoma mara mbili, nikauliza tena kama mkono ukipooza mwakani, wakili akasema ndiyo, umelipwa. Daktari wangu alikuwa ameshanipa maoni yake kwa maandishi kwamba mshipa unapona. Nikatia saini kwa mkono wa kulia, wa kushoto umekandamiza karatasi, kidole cha shahada kikihisi ubaridi wa meza.

Nilikaa karibu mwaka kabla ya kupanda treni tena. Nilichagua kiti cha dirishani, nikatazama juu kabla ya kukaa. Chuma cha rafu kilikuwa kipya, rangi yake tofauti na cha upande wa pili. Tulipokaribia stesheni sikuinuka. Mkaguzi wa tiketi akapita, mtu mwingine, si yule wa kwanza.

"Hujambo, dada?"

"Shingo inaniuma kidogo," nikamwambia, "upande wa kushoto. Hasa kukiwa na baridi."

Aliitazama tiketi, akanitazama mimi, akaitoboa tiketi, akaenda zake.