Boti ya Bahari, Mafundi wa Matatu

Kupandisha boti ya bahari hadi Ruai, zaidi ya kilomita 400 kutoka Bahari ya Hindi, ni wazimu mtupu mpaka upige hesabu. Pwani hewa ina unyevu mwaka mzima, na boti ya faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo, ikinywa maji haikauki kwa urahisi. Nairobi hewa ni kavu zaidi, kuna vipuri Kirinyaga Road, kuna vyuma Kariobangi Light Industries, kuna vifaa vya umeme Luthuli. Isitoshe, mimi naishi hapa. Boti ingebaki Kilifi ningeitengeneza kwa simu, na mwenye kutengeneza kitu kwa simu hulipa mara mbili.

Yenyewe ni boti ya futi 26, ya faiba, iliyojengwa Uingereza miaka ya 1970. Ina kabini ya kulala watu wanne wanaopendana, na injini ya dizeli, Perkins 4.108. Niliipandisha kwa lori upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, tukaiegesha juu ya magogo uani kwa shemeji yangu. Majirani walikuja kuuliza kama ni ya kanisa.

Kazi nyingi nilifanya mwenyewe wikendi, nyingine nikaita mafundi. Nairobi ina mafundi hodari, lakini ni mafundi wa nchi kavu. Wao wana mikono. Mimi kazi yangu ilikuwa kujua ni wapi maji ya chumvi yanageuza kila walichojifunza.

Nilianza na umeme, maana waya za zamani zilikuwa aibu. Nilimwita kijana anayefunga taa na redio kwenye matatu. Volti 12 anazijua kama kiganja chake. Akaingia kabini, akapapasa ukuta, akainama chini ya usukani, akatoka.

"Mzee, bodi iko wapi?"

"Bodi gani?"

"Ya kushika athi. Natafuta chuma."

"Hakuna chuma, kijana wangu. Hii ni faiba."

"Sasa negativu inarudi wapi?"

Hapo ndipo somo lilipo. Kwenye gari, waya mmoja unapeleka umeme na bodi ya chuma inaurudisha. Kwenye boti kila kifaa kina waya wake wa kwenda na wake wa kurudi mpaka kwenye betri. Hata kama boti ingekuwa ya chuma nisingemruhusu, kwa sababu umeme unaozurura kwenye chuma kilichozama kwenye maji ya chumvi hukitafuna. Kijana alikuna kichwa, akasema basi nitahitaji waya mara mbili. Ndiyo, na si waya wowote. Shaba tupu hugeuka nyeusi ndani ya plastiki yake ikishakaa baharini, kwa hiyo niliagiza ule ambao kila uzi wake umepakwa bati.

Unene nao una hesabu yake. Friji yangu inakula ampea 5 na iko mita 6 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.4 njiani, na friji ya volti 12 ikiona betri imeshuka kiasi hicho huzima mapema. Nikaweka wa 4, hasara ikawa robo ya volti. Fundi aliona napoteza pesa. Alipendekeza pia tuunganishe kwa lehemu, nikakataa: lehemu hufanya waya uwe mgumu kama msumari, na mtikisiko wa injini huukata pale lehemu inapoishia. Tulibana vichwa vya waya kwa koleo maalumu, kisha tukafunika kwa mpira unaonywea kwa moto. Baada ya hapo sikumfundisha tena. Alipanga fyuzi na swichi kwa unadhifu ambao sijauona hata kwenye boti mpya.

Betri niligawa mafungu mawili: moja ya kuwasha injini tu, nyingine za taa, friji na redio, za aina ya sola, ambazo mjini hapa hupatikana kwa urahisi. Pampu ya kutoa maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini ndani ya boti, niliiunganisha moja kwa moja na betri, kwa fyuzi yake, isipitie swichi kuu. Ukifunga boti na kwenda nyumbani, swichi kuu imezimwa, ndipo unapoihitaji pampu hiyo kuliko siku zote. Balbu za zamani, nane za wati 10, nilizibadilisha kwa LED za wati 2. Taa zote zikiwaka ni wati 16 badala ya 80.

Chini ya boti faiba ilikuwa na malengelenge. Ukitoboa moja linatoa maji yenye harufu kama siki. Nilisaga yote, nikaosha kwa maji baridi ya bomba, nikaiacha ikauke. Kujua kama imekauka hakuhitaji mashine: bandika karatasi ya nailoni kwa utepe pande zote, rudi kesho, ukikuta umande ndani, ngoja. Fundi wa bodi alikuja na mkebe wa filla ya magari, ile inayozibia matatu iliyogongwa. Filla hiyo hunywa maji, haifai chini ya mstari wa maji hata kidogo. Tulitumia gundi ya epoksi na hadina yake ya kuigandisha, tukapima kwa mizani. Tatizo likawa Julai. Baridi ya Nairobi mwezi huo huifanya epoksi ilale isigande, kwa hiyo tulipaka saa sita mchana na kuwasha taa za joto chini ya turubai hadi jioni.

Valvu za kuingiza maji zilinitia hofu kuliko yote. Nilikwaruza moja kwa kisu, ndani ikawa na rangi ya waridi. Hiyo ilikuwa brasi ya bomba la nyumbani: chumvi imekula zinki yote, imebaki shaba yenye vitundu vidogo vidogo ambayo nyundo ndogo ingeipasua. Muuza bomba alinionyesha nyingine zinazong'aa, zile zile. Nilisubiri za bronzi.

Boliti nazo ni hivyo hivyo. Muuzaji anaweka sumaku, haishiki, anasema hii ni chuma cha pua halisi. Sumaku haitofautishi daraja la 304 na la 316, linalostahimili chumvi zaidi, na baharini tofauti ni kutu. Za 316 nilizipata Industrial Area, kwa wanaouzia viwanda vya maziwa.

Perkins ilinipa raha. Mafundi wa matrekta wamekua na injini za jina hilo ndani ya Massey Ferguson, hawaogopi kitu. Niliwaeleza mambo mawili tu. Kwanza, isiwashwe bila maji hata kidogo, kwa sababu pampu ya maji ya bahari ina feni ya mpira inayochanika ikizunguka kavu. Tulitumbukiza paipu kwenye pipa na kulijaza muda wote. Pili, ilipotoa moshi mweusi kila ikivutwa mafuta, fundi alitaka kupunguza dizeli kwenye pampu. Nikamwambia aiache. Huku juu hewa ni nyepesi. Pwani itapata hewa yake.

Magodoro yalishonwa na fundi wa viti vya matatu, kwa kitambaa kile kile kinachopangusika. Mke wangu alichagua rangi, sikuulizwa.

Kusi ilipotulia tukaishusha Kilifi. Moshi umepungua mno, friji inafanya kazi usiku kucha bila kuzima, na pampu ya ngama nimeisikia ikiwaka mara chache tu, baada ya mvua. Choo sijakigusa. Kinapigwa pampu kwa mkono tangu kilipotoka Uingereza, na sijapata fundi, Nairobi wala Kilifi, aliyekubali kukifungua.