Kitanda namba 14

Jumapili, usiku.

Mtu anakwenda wodini na mfuko wa machungwa. Juzi aliambiwa mgonjwa wake yuko kitanda namba 14. Anafika, kweli kitanda namba 14 kina mtu, kajifunika shuka mpaka usoni, basi machungwa yanaachwa mezani. Mwenyewe karuhusiwa tangu jana. Namba haikudanganya, kwani kitanda kipo na mgonjwa yumo. Ila ilitaja kitanda, haikumtaja mtu.

Jedwali la vishikio kwenye programu za ngazi ya chini, iwe ni kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), dereva (programu inayoendesha kifaa) au injini ya mchezo wa kompyuta, lina tatizo hilo, na kwa maoni yangu karibu halina jingine. Kutafuta kitu ndani yake ni rahisi mno: unasoma safu kwa namba, umemaliza. Balaa lote liko kwenye kuitumia tena namba iliyokwisha kuwa na mwenyewe.

Kishikio ni ile namba ambayo programu hupewa badala ya kielekezi, yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu. Ukifungua faili kwenye Linux ukarudishiwa 7, hiyo 7 ni kishikio. HANDLE ya Windows ni kishikio. Kerneli haikupi anwani halisi kwa sababu kielekezi hakikaguliki: kikishakufa kinafanana kabisa na kilicho hai, na mwenye nia mbaya anaweza kukibuni. Namba inapita mlangoni, na mlangoni unaweza kuweka bawabu.

Nafasi moja ya jedwali huwa naiandika hivi:

struct nafasi {
    void    *kitu;
    uint32_t kizazi;
    uint16_t aina;
    uint16_t haki;
};

Kwenye mashine ya biti 64 hizo ni baiti 16 kamili: 8, 4, 2 na 2, bila mwanya katikati. Nafasi 256 zinajaza baiti 4096, yaani ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Windows ya biti 64 nayo hutumia baiti 16 kwa kila ingizo la jedwali lake la vishikio, 256 kwa ukurasa, na jedwali likikua linapanda ngazi hadi tatu. Hesabu hii inavutia watu wengi waliokaa mbalimbali kwa sababu mgao wa kumbukumbu wenyewe unapenda kurasa nzima.

Sasa kishikio. Tuseme ni biti 32: biti 20 za chini ni namba ya nafasi, biti 12 za juu ni kizazi, yaani hesabu inayopanda kila nafasi inapobadilisha mwenyewe. Chukua 0x00300205 (0x ni alama ya hesabu ya kumi na sita). Tarakimu tano za mwisho, 00205, kwa hesabu ya kumi ni 517. Tatu za mwanzo zinasema kizazi cha 3. Gawa 517 kwa 256: unapata 2, baki 5. Kwa hiyo nenda ukurasa namba 2, nafasi namba 5. Kabla ya kugusa kitu, kagua kwamba 517 haijavuka mwisho wa jedwali, ukurasa huo umekwisha kutengwa, kizazi kilichoandikwa kwenye nafasi ni 3, na aina ni ile uliyoitarajia. Kitu kikifungwa, kizazi cha nafasi kinapanda kuwa 4. Atakayefuata kupewa nafasi hiyo atapewa 0x00400205, na aliyebaki na 0x00300205 akirudi na machungwa yake anazuiwa mlangoni.

Kizazi kipandishwe wakati wa kufunga, usingoje kufungua. Ukingoja, kishikio cha zamani kinaendelea kuonekana halali muda wote nafasi ikiwa tupu, na ulinzi wako unabaki kutegemea kielekezi kilichofutwa kwa sifuri. Halafu kianzie 1. Kwa njia hiyo kishikio 0 hakiwezi kuwa halali hata siku moja, na kumbukumbu iliyosafishwa kwa sifuri haizai kishikio kwa bahati mbaya. Windows ilishindwa kuwa na kauli moja kwenye hili: mwito wa CreateFile ukikwama unarudisha -1, ilhali CreateEvent na CreateMutex zinarudisha NULL, yaani sifuri. Mbaya zaidi, -1 hiyohiyo ndiyo GetCurrentProcess hurudisha kumaanisha "mimi mwenyewe". Ukibeba jibu la CreateFile iliyoshindwa ukalipeleka kwenye mwito unaotarajia kishikio cha mchakato (programu inayoendeshwa), utakuwa umejielekezea bunduki.

(Kuhusu ukaguzi wa mwisho wa jedwali: tangu Spectre, udhaifu wa prosesa, ijulikane mwaka 2018, sharti la if peke yake halitoshi kwenye kerneli. Prosesa inaweza kukimbia mbele kwa kubahatisha ikasoma nje ya safu kabla sharti halijaamuliwa. Linux hupitisha namba kwenye array_index_nospec, inayoigeuza kuwa sifuri ikiwa imevuka. Gharama yake ni maelekezo machache tu ya prosesa.)

Hapa kwenye biti ndipo napenda kukaa, maana watu hugawa 20 kwa 12 kwa mazoea bila kupiga hesabu. Biti 12 zikianzia 1 zinatoa vizazi 4095. Seva inayofungua na kufunga vitu 10,000 kwa sekunde, na orodha ya nafasi tupu ikiwa ni ya aliyeingia mwisho kutoka kwanza, itairudia nafasi ileile moja kila mara. Sekunde 0.41 tu kizazi kimezunguka, na kishikio cha zamani kimefufuka. Ulinzi mzima ulidumu chini ya nusu sekunde.

Geuza orodha iwe foleni, aliyetangulia kuachwa atangulie kutumika, na weka sharti kwamba nafasi hairudi kazini mpaka angalau nafasi 1024 ziwe tupu. Sasa mzunguko unahitaji 4095 mara 1024, yaani matumizi 4,193,280. Kwa kasi ileile ni sekunde 419, kama dakika 7. Afadhali, lakini bado ni dakika 7. Na foleni ina bei yake: nafasi iliyoachwa sasa hivi bado iko moto kwenye kashe ya prosesa (kumbukumbu yake ndogo ya haraka), ile ya zamani imepoa, na kila ufunguaji unaikuta baridi.

Njia ninayoiamini ni kuistaafisha nafasi. Kizazi kikifika 4095 na kitu kikafungwa, nafasi hairudishwi kwenye orodha tena. Unapoteza baiti 16. Kishikio hakifufuki abadani. Ila sasa jedwali lina umri: nafasi 1,048,576 mara 4095 ni vishikio bilioni 4.29 kwa jumla, ambavyo kwa kasi ya 10,000 kwa sekunde vinakwisha siku ya tano. Sogeza biti utakavyo, 16 kwa 16 au 24 kwa 8, jumla itabaki karibu ileile, maana biti 32 hazina majina zaidi ya hayo. Mgawanyo unaamua tu nani alipe.

Kwa hiyo chochote kinachokaa miezi bila kuzimwa nakipa kishikio cha biti 64, 32 kwa 32. Hapo hata orodha ya aliyeingia mwisho, ikiipiga nafasi moja tu kwa kasi ile, inachukua karibu siku 5 kuistaafisha. Baiti 16 kila siku 5. Gharama hiyo naikubali, na kashe inabaki moto.

Unix haina kizazi kabisa. Namba ya faili ni namba ya nafasi tupu, na POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, imeongeza sharti kwamba lazima utoe namba ndogo kuliko zote zilizo wazi. Ni sawasawa na hospitali yenye amri kwamba mgonjwa mpya alazwe kwenye kitanda cha karibu zaidi na mlango. Matokeo yake yanajulikana. Uzi mmoja (mkondo wa kazi ndani ya programu) unafunga 7, uzi wa pili unafungua soketi (ncha ya mawasiliano ya mtandao) na kupewa 7 papo hapo, kisha wa kwanza, kwa kosa la kufunga mara mbili, anaifunga soketi ya mwenzake. Close, mwito wa kufunga, inarudisha 0, mambo safi. Ndiyo maana EBADF (kosa la namba isiyo halali) ikitoka kwenye close isipuuzwe: ni kengele kwamba mahali fulani pana kufunga mara mbili, na safari hii ulibahatika namba haikuwa na mtu.

Papo hapo kuna mtego mwingine. Close ikirudisha EINTR (mwito umekatizwa) kwenye Linux, namba imekwisha kuachwa. Usirudie. Kurudia ndiko kufunga mara mbili kwenyewe.

Na namba 2, ile ambayo programu huandikia makosa. Programu ikianzishwa huku 2 imefungwa, faili ya kwanza itakayoangukia namba hiyo ndiyo itakayopokea ujumbe wote wa makosa. Faili hiyo ikiwa hifadhidata, maneno ya onyo yanaandikwa katikati ya data. Daemoni, yaani programu ya kazi za nyuma ya pazia, asifunge 0, 1 na 2 akaziacha wazi. Azielekeze /dev/null, faili inayomeza kila kitu, kwa mwito wa dup2.

Ukuaji wa jedwali nitaupitia haraka. Usitumie realloc (kukuza safu, hata kwa kuihamisha) kwenye safu moja kubwa, kwa sababu uzi mwingine unaweza kuwa katikati ya kusoma nafasi iliyohamishwa. Saraka ya kurasa inatosha: biti 20 ni kurasa 4096, na saraka ya vielekezi vya baiti 8 ni KB 32. Ukurasa ukishatengwa hauhami. Linux ilichagua njia tofauti. Kila mchakato unaanza na nafasi 64 zilizomo ndani ya muundo wenyewe, zikijaa kerneli inanakili kwenye safu kubwa zaidi, na safu ya zamani inaachiliwa kwa RCU, yaani utaratibu wa kungoja wasomaji, baada ya wasomaji wote kuondoka.

Namba ikishalindwa hivyo, kinachobaki kuvunja majedwali mengi ni muda kati ya kutafuta na kutumia. Umekagua kizazi, kiko sawa, umepata kielekezi. Kabla hujakigusa, uzi mwingine umefunga na kumbukumbu imeachiliwa. Kizazi hakisaidii hapa, maana ukaguzi ulikwisha pita. Kutafuta lazima kuongeze hesabu ya washikaji (idadi ya wanaokitumia kitu) ndani ya kufuli lilelile la ukaguzi, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, na mtumiaji aipunguze akimaliza. Linux, ambayo haitaki kufuli kwenye njia hii, huongeza hesabu kwa sharti kwamba haijafika sifuri, kisha inarudi kuangalia kama jedwali bado linaelekeza kwenye faili ileile. Likiwa limebadilika, inaachia na kuanza upya.

Kufunga nako kuna mpangilio wake. Ndani ya kufuli: toa kielekezi kwenye nafasi, pandisha kizazi, rudisha nafasi kwenye orodha. Fungua kufuli. Ndipo upunguze hesabu ya washikaji. Ukiipunguza ndani ya kufuli na ikafika sifuri, kazi ya kuharibu kitu inaanza hapohapo, na kitu hicho kinaweza nacho kuwa kimeshika vishikio vingine vinavyotaka kufungwa kwenye jedwali lilelile. Kufuli linajisubiri lenyewe, mashine imeganda, na hilo halitaonekana kwenye majaribio mpaka soketi ipitishwe ndani ya soketi.

Kufungua ni hatua tatu: shika nafasi bila kuweka kitu, tengeneza kitu mpaka kikamilike, mwishoni kiweke. Kwenye kerneli ya Linux jozi hiyo ni get_unused_fd_flags na fd_install, na fd_install ndiyo ya mwisho kabisa. Ukikiweka mapema kisha kunakili namba kwenda kwa mtumiaji kukashindikana, huwezi kurudi nyuma kwa usalama: namba zinabashirika, na uzi mwingine unaweza kuwa umekwisha kuitumia.

Uga wa haki, yaani mambo ambayo kishikio kinaruhusu, una sheria moja. Kishikio kikinakiliwa, nakala inaweza kupungukiwa haki, haiwezi kuongezewa. Zircon, kerneli ya Fuchsia (mfumo wa uendeshaji wa Google), imejengwa juu ya hilo.

Jedwali likijaa je? Kikomo cha kawaida cha Linux kwa mchakato ni 1024, na ukikifikia unapata kosa la EMFILE. Seva inayotumia epoll (njia ya Linux ya kuarifu soketi zipi ziko tayari) hapo inaingia kichaa. Accept, mwito wa kupokea mteja, inashindwa, mteja anabaki kwenye foleni, epoll inasema soketi iko tayari, accept inashindwa tena, na prosesa inafika asilimia 100 bila kazi yoyote kufanyika. Dawa ya zamani ni kuweka namba moja ya akiba iliyofunguliwa kwenye /dev/null. EMFILE ikija, funga akiba, pokea mteja, mfunge papo hapo, fungua akiba tena. Kwenye seva ya nyuzi nyingi dawa hii ina ufa, maana uzi mwingine unaweza kuinyakua ile namba katikati.

Kwa majaribio, kizazi cha kila nafasi nakianzisha 4090 badala ya 1. Matumizi sita na nafasi imestaafu, kwa hiyo msimbo wa kustaafisha unapita mara elfu kwa dakika badala ya kungoja usiku wa siku ya tano. Na vishikio vya kupimia navichukua 0x00000000, 0xFFFFFFFF, kimoja chenye nafasi halali na kizazi pungufu kwa 1, na kimoja cha nafasi iliyopita mwisho kwa 1 tu. Hicho cha mwisho ndicho kinachokamata alama ya > iliyotakiwa kuwa >=.