“Nimechelewa?”

Tangu Jumanne neno lake halijanitoka masikioni. Mtihani nimefaulu, kaka kapeleka posa Tanga, mwenye nyumba kapandisha kodi. Yote yamepita hivi hivi.

Mwanamke mmoja aliingia kwenye duka letu la dawa za Kichina hapa Guangzhou, China, ana mimba ya miezi minne, mkononi kifuko chekundu cha hariri alichopewa na mama mkwe. Ndani mna jiwe la rangi ya chungwa, xionghuang. Kifuko kimefumuka pembeni, na unga umemganda kwenye kidole gumba.

“Nimechelewa?”
“Kufanya nini?”
“Kumgeuza awe wa kiume.”

Chanzo cha kifuko hicho nakijua. Sun Simiao, tabibu wa Kichina wa karne ya 7, aliandika kwamba mimba isiyotimiza miezi mitatu bado hugeuzika. Weka shoka chini ya kitanda, makali yatazame chini, mtu asijue. Au vaa liang moja (kipimo cha uzito cha Kichina) ya xionghuang. Au jifunge upote wa upinde siku 100. Asiyeamini aweke shoka chini ya kuku anayeatamia, vifaranga watatoka majogoo watupu. Na imani yenyewe inamtangulia: ilishaandikwa kwenye hariri iliyozikwa kaburini Mawangdui, huko huko China, mwaka 168 KK.

Zipo na siku za kulala na mume. Hedhi ikikatika, siku ya 1, ya 3 na ya 5 ni za mvulana. Ya 2, ya 4 na ya 6 ni za msichana. Mwenye mzunguko wa siku 28 na hedhi ya siku tano, siku hiyo ya 1 kwake ni ya 6 ya mzunguko, na yai hutoka karibu na ya 14. Akizishika siku hizo tu, mara nyingi hukosa mtoto kabisa, kisha lawama humwangukia yeye.

Nilimnawisha kwa sabuni, maana jiwe lile lina sumu ya aseniki, nikamweleza: jinsia huletwa na mbegu ya baba, X ya msichana au Y ya mvulana, pale pale mimba inapotunga. Hukuchelewa, dada. Hapakuwa na cha kuwahi.

“Kwa hiyo si mimi?”
“Si wewe.”

Akakaa kwenye kigoda, akavuta pumzi ndefu, akaomba maji. Alikunywa glasi mbili. Kifuko akaniachia. Kila nikikumbuka zile glasi mbili, moyo unanichanua.

Ila unyevu wa Guangzhou mwaka huu! Kuta zinatoka jasho, na leo asubuhi nimekuta danggui, mizizi ya dawa, ya droo ya chini imeota ukungu mweupe. Droo ya juu yake bado sijaifungua.