Asali kwa Misumari: Kutoka Mang'ola Hadi Bonde la Yaeda

Kutoka Arusha mpaka Karatu sina la kusimulia. Lami ni safi; Makuyuni unanunua mahindi ya kuchoma, Mto wa Mbu unanunua ndizi nyekundu, basi. Safari yenyewe inaanza pale unapoiacha barabara ya Ngorongoro na magari yake ya watalii, ukashika ya vumbi inayoteremka kwenda Mang'ola. Noah niliyopanda ilikuwa na abiria wengi kuliko viti, mifuko ya mbegu, mashine ya kusukuma maji, na jogoo mmoja aliyekaa kwa adabu kutushinda sote.

Nilikuwa nikienda kwa Wahadzabe, watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, lakini Mang'ola inakupokea kwa vitunguu. Chemchemi za Qangded zinatoa maji mwaka mzima, na mitaro imeyasambaza mashambani mpaka karibu na Ziwa Eyasi, ambalo ni la magadi na halimwagilii kitu. Magunia yamepangwa barabarani yakisubiri malori. Mengine yataishia Nairobi. Kila aliyesikia habari za maji amekuja: Wairaqw kutoka milimani, Wadatoga na ng'ombe wao, Waisanzu, Wasukuma, Wachaga wenye maduka. Ukisimama gengeni unasikia Kikushi, Kiniloti na Kibantu kwa wakati mmoja, na ukibahatika Kihadza, lugha ya kubofya ulimi ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu popote. Wenye lugha hiyo, wanaokadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 1,500, ndio waliotangulia hapa kuliko wote. Gengeni niliwaona wawili tu.

Kijana aliyenipokea ni mwongoza wageni, Mwiraqw wa hapo hapo. Akaniambia, "Dada, kesho saa kumi na moja alfajiri uwe tayari. Ukichelewa, utakuta wamekwenda."

Sikuchelewa, na magari mengine pia hayakuchelewa. Kambi ya Wahadzabe ilikuwa chini ya mibuyu, vibanda vya nyasi vya kuinama kuingia. Wanaume walikaa kuzunguka moto wakinyoosha mishale kwa meno. Tulisalimiana "Mtana!", tukaoneshwa jinsi ya kuwasha moto kwa kupekecha kijiti, kisha tukatimua mbio nyuma ya vijana watatu na mbwa wao. Walipata ndege wawili na kindi mmoja. Mwongozaji akatazama saa: wageni wake walitakiwa hotelini kwa chai ya saa nne.

Nilipouliza kwa nini hatukwenda mbali zaidi, kijana mmoja mwenye upinde alinijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, "Wanyama wa karibu wamekwisha. Pale kulikuwa na swala, sasa kuna vitunguu." Kwa hiyo windo la Mang'ola lina ratiba, na bei yake imeandikwa kwenye karatasi ambayo Mhadzabe hakuiandika. Mgeni analipia gari, mwongozaji na ushuru. Kinachobaki kambini ni pesa taslimu kidogo, kila asubuhi, mahali ambapo duka la unga liko mbali lakini muuza pombe anajileta mwenyewe. Wazee wa kambi hawapendi kulizungumzia hilo mbele ya wageni, nami sikuwabana. Ila nisizime kila kitu kwa pumzi moja: pesa hizo hizo hununua dawa na unga, na vijana wale wanapenda kazi yao. Kulenga shabaha mbele ya watu ni raha, hata kama umelipwa kiduchu.

Wanawake ndio niliokaa nao zaidi, maana watalii hawakuwatazama sana. Tulikwenda kuchimba mizizi, kina mama wanne na bibi mmoja aliyekuwa mbele yetu muda wote. Kila mmoja ana fimbo iliyochongwa ncha na kukomazwa kwa moto. Bibi aligonga ardhi, akasikiliza, akahama hatua mbili, akagonga tena, akaanza kuchimba chini ya jiwe. Mzizi ulitoka mrefu kama mkono wangu, ukachomwa dakika chache, ukamenywa. Unatafuna, unanyonya utamu na maji, nyuzinyuzi unatema. Kisha akanipa ubuyu. Mimi ni mtoto wa Tanga, ubuyu ninaoujua ni ule mwekundu wa sukari na iliki unaochafua sare ya shule. Huu alikuwa ameuponda juu ya jiwe pamoja na mbegu zake, akaukoroga na maji. Nilimwambia kwamba Ulaya wameruhusu unga huu kuuzwa kama chakula tangu 2008 na kwamba huko unauzwa kwa bei ya kutisha. Kijana akamtafsiria. Bibi akacheka, akauliza kama huko hawana mibuyu. Nikasema hawana. Akasema basi na waje wanunue kwake.

Mchana tulikwenda kwa Wadatoga wahunzi. Kuna watu wanaosema ofisini, tena kwa sauti ya huzuni, kwamba ukipeleka biashara kwa watu wa asili umeua mila zao. Ningependa waje wakae kwenye kibanda kile.

Mhunzi alikaa chini, miguu imenyooka pande mbili za shimo la makaa. Mwanawe alikuwa nyuma ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mmoja kila mkono, akiifungua na kuikandamiza kwa zamu hadi makaa yakawa meupe. Kwenye kikombe cha chuma kulikuwa na kufuli bovu la shaba na koki ya bomba. Vilipoyeyuka, mzee alimimina kwenye kijifereji cha chuma, akasubiri kidogo, akakigonga. Kijiti cha shaba kikaanguka mchangani, akakishika kwa koleo na kukipeleka juu ya fuawe. Hicho ni bangili, na bangili ni za wageni. Kazi ya pili ilikuwa ya wenyeji: msumari mkubwa wa ujenzi, ukafanywa mwekundu, ukapondwa bapa, ukanolewa, pembeni ukachongwa meno ya kurudi nyuma ili usichomoke nyamani. Chembe cha mshale. Sumu itapakwa na Mhadzabe mwenyewe, anaichemsha kutokana na utomvu wa waridi la jangwani.

"Hiki unamuuzia shilingi ngapi?" nikauliza.

"Mhadzabe? Analeta asali," mzee akasema. "Pesa ni za kwako wewe."

Wadatoga hawafanyi sherehe kubwa bila pombe ya asali, na Wahadzabe hawawezi kuangusha mnyama mkubwa bila chuma. Hao wawili wamewahi kugombana sana, na juu ya malisho na maji bado wanagombana, lakini soko hili halijafungwa. Hakuna upande unaopangiwa bei na mtu wa tatu. Akiona vyembe vimekuwa ghali, Mhadzabe anaondoka na kibuyu chake cha asali, na mhunzi anajua kwamba atajuta siku ya harusi. Ufundi wa mivukuto ile haukuhitaji semina ili ubaki hai.

Kwenda Bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe wengine, nilirudi Karatu, nikapanda basi la Mbulu kupitia milima ya Wairaqw, ngano na vitunguu saumu pande zote, halafu pikipiki chini ya korongo hadi bondeni. Mgongo wangu unaikumbuka njia hiyo kuliko mimi. Huku hakuna mifereji. Kuna mibuyu, migunga, vumbi jekundu na, tofauti na Mang'ola, nyayo za wanyama.

Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka kulitumia bonde hili. Wahadzabe walipiga kelele hadi ikajiondoa. Walijifunza kwamba kelele pekee haitoshi kila mara. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu hati ya kimila ya kumiliki ardhi, lakini ilizoeleka kutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Shirika la Ujamaa Community Resource Team likasukuma hati ya jamii nzima, na Oktoba 2011 Wahadzabe wakapewa zaidi ya hekta 20,000. Edward Loure wa shirika hilo alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman 2016 kwa kazi ya aina hiyo. Hati hii si ya mtu, kwa hiyo hakuna mtu wa kulewa leo akaiuza kesho.

Baada ya hati ndipo biashara ikaja. Kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, miti ambayo ingekatwa kwa mashamba ya mahindi inapimwa, hewa ukaa inayobaki ndani yake inahesabiwa, na vyeti vinauzwa kwa kampuni za mbali. Kanuni za Plan Vivo, zinazousimamia mradi huu, zinataka angalau asilimia 60 ya mauzo iwafikie wanajamii. Pesa hizo zinalipa walinzi wa msitu, ada za shule, matibabu. Mlinzi niliyetembea naye ni kijana wa Kihadza mwenye simu mkononi na upinde begani. Anarekodi nyayo, mashimo ya mkaa na ng'ombe waliopita mpaka. Nikamuuliza kama kazi imemzuia kuwinda. "Nazunguka porini na nalipwa," akasema. "Nyumbani wananiona mjanja."

Sitaki kuipamba. Bei ya kaboni nayo inapangwa mbali, na mnunuzi wa Ulaya akibadili mawazo, hakuna kibuyu cha kumnyima. Hilo nilimsikia mama mmoja akilisema mkutanoni, chini ya mti, wakati wanajadili mgao. Wahadzabe kwa desturi hawana chifu, kwa hiyo mjadala ulizunguka, ukarudi, ukalala, ukaamka. Wengine walitaka pesa igawiwe mkononi. Yule mama akashikilia hospitali: mkononi itakwisha, na kaboni yenyewe haijulikani itauzwa hadi lini. Hoja yake ndiyo ilipita, kwa sauti ya walio wengi na manung'uniko ya vijana wawili.

Kabla ya kuondoka niliulizia asali. Mzee mmoja akaleta chupa ya lita moja, ya nyuki wakubwa, nta bado inaelea juu. Akataja bei. Nikamwambia Karatu ni rahisi zaidi.

"Ndiyo, mwanangu," akasema, akaifunga chupa. "Ya Karatu ina sukari. Hii ndiyo bei yake."

Nikalipa.