Bingwa mmoja, bodi kibao

Jamani nyie mnaodhani bingwa wa chesi akicheza na watu 30 kwa mpigo basi akili inamgawanyika na nyie mtapata mteremko, sahauni kabisa. Capablanca, bingwa wa dunia wa chesi wa enzi hizo, mwaka 1922 kule Cleveland, Marekani, alikabili watu 103, akawapiga 102 na kutoka sare na mmoja tu! Bingwa anazunguka meza moja baada ya nyingine, akifika kwako inabidi usogeze kete hapohapo, na balaa lenyewe liko mwishoni, wenzako wakishatolewa anakurudia fasta fasta, yani hujamaliza kupiga hesabu farasi aende wapi, jamaa huyu hapa kasimama. Mi naona bora uvuruge mchezo mapema, ukikubali kulana kete hovyo mkabaki na wafalme na askari wachache anakumaliza bila hata kuwaza.