Mradi wa kupunguza oda: uto, sabuni na madodoki ya uani

Mradi ulianza kwa kusoma meseji za malipo ya simu. Nilizirudisha nyuma hadi mwanzo wa mwaka, nikaandika daftarini kila nilichoagiza mtandaoni, bei yake, na nauli ya kukileta Tanga kwa basi. Nguo zilikuwa chache kuliko nilivyodhani. Vilivyojaa ni vitu vya bafuni na jikoni: mafuta ya nazi "asilia" kwenye kichupa kisichozidi kile cha dawa ya kikohozi, sabuni ya nazi iliyofungwa kwa karatasi ya kaki na kikamba cha mkonge, dodoki la kuogea, mifuko ya kitambaa ya kwendea sokoni, na pakiti za mbegu za mboga zenye picha za kuvutia.

Sasa isome orodha hiyo ukiwa umekaa Makorora, hapa Tanga mjini. Nazi, mkonge, dodoki. Nilikuwa naagiza pwani kutoka Kariakoo! Inawezekana kabisa nazi ya kichupa kile iliangushwa Pangani, ikapelekwa Dar kukamuliwa na kubandikwa lebo, ikarudi stendi ya Kange ndani ya buti la basi, kilomita 350 hivi, na nauli nikalipa mimi. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Wageni wenyewe huwa hawaondoki. Mwaka ule aliyeutimiza ni mshahara wangu.

Nikajiwekea sharti moja. Kitu ninachokitamani kinaandikwa daftarini kwanza, kinakaa humo mpaka Jumamosi. Jumamosi nikienda soko la Mgandini nakiulizia. Kikiwepo, au malighafi yake ikiwepo, simu haiguswi. Vingi havifiki hata Jumamosi. Nikifungua ukurasa najiuliza hivi kifaa cha kumenyea kitunguu saumu nilikitakia nini. Si kwamba nimeapa kuacha kuagiza. Kuna vitu huku havipo, na sina nia ya kuishi kwa kujidai.

Uto wa nazi

Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipokwenda, na sijutii.

Nazi unayoitaka ni iliyokomaa hasa, ukiitikisa maji yanacheza ndani. Koroma waachie wapishi wengine, halina mafuta ya kutosha. Lita moja ya uto, yaani mafuta ya nazi, inakula nazi kumi hadi kumi na tano, kutegemea ukubwa. Unakuna, unakamua tui kwa maji ya uvuguvugu, unachuja, unaliacha limefunikwa usiku kucha kwenye chombo kirefu. Asubuhi limejigawa lenyewe: zito juu, maji chini. Lile zito unaliengua kwa upawa, unalibandika kwenye moto mdogo. Litachemka, litapanda povu, litakatikakatika, halafu uto utaanza kujitenga na mashapo. Mashapo yakipata rangi ya dhahabu, epua. Ukiyaacha mpaka yawe kahawia, uto unanukia nazi ya kukaanga. Huo ni mtamu kwenye wali, ila kuupaka nywele halafu ukakaa ofisini na watu ni jambo lingine.

Mwalimu wangu ni bibi wa nyumba ya nyuma, mzaliwa wa Moa. Haamini vipimajoto wala saa. Nilipompelekea uto wa kwanza, niliamkia, akaitikia, akachovya kidole, akanusa.

"Mwanangu, huu una maji bado. Usitazame sufuria, isikilize."

Na ni kweli. Maji yakiwa bado yamo, uto unalia, unapasukapasuka. Kilio kikikatika, maji yamekwisha. Ni muhimu, maana uto wenye maji hauchukui muda kuchacha, na chupa nzima unaimwaga.

Jambo jingine nililolithibitisha mwenyewe ni kuganda. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mwezi wa saba, alfajiri kusi likivuma, chupa yangu inakuwa nyeupe, jua likipanda inarudi maji. Wauza mtandaoni wanapenda kuandika "yakiganda ndiyo halisi". Kuganda peke yake si cheti, lakini mafuta "ya nazi" yasiyoganda hata kwenye friji yana la kujieleza.

Hesabu sasa. Ukilinganisha na kichupa cha mtandaoni, uto wangu ni wa bei ya chini mno. Ukilinganisha na ule wanaouza akina mama pale Mgandini kwenye chupa za maji, wangu ni ghali, na hapo sijahesabu mkaa wala mikono inayouma kwa kukuna. (Mbuzi bado haina mshindani. Brenda inasaga haraka, lakini kwangu tui lake linakuwa jepesi.) Kwa hiyo nimegawa kazi: uto wa kupaka na wa chakula napika mwenyewe, kwa sababu nautaka ukiwa mpya, wa sabuni nanunua kwa akina mama kwa lita. Kujitegemea kwa kujikomoa sikuoni kuna faida gani. Chicha wanakula kuku wa jirani, nami napata mayai. Vifuu vinawashia jiko. Makumbi nayatandaza kwenye miche yasiache udongo ukauke.

Sabuni

Sabuni ni hesabu kwanza, mikono baadaye. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki soda kinachoyageuza yote kuwa sabuni. Mafuta ya nazi yanataka takriban gramu 183 kwa kilo moja. Mawese yanaridhika na kama 141. Ukiweka 183 kamili, mafuta yote yanageuka na hakibaki kitu cha kuilainisha ngozi, na sabuni ya nazi ya namna hiyo inasafisha kupita kiasi. Nguo na vyombo vitafurahi, ngozi itavuta mpaka ikwaruze. Kwa hiyo soda inapunguzwa makusudi. Ya kufulia napunguza asilimia 5, nabaki na gramu 174. Ya kuogea napunguza asilimia 20, gramu 146. Maji ni gramu 350 kwa zote mbili. Vyote vinapimwa kwa mizani, uto pia, kwani lita moja ya uto wa nazi haifiki kilo. Ina kama gramu 920.

Kostiki si ya kuchezea, kwa hiyo hapa nasema polepole. Soda ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda yanachemka ghafla na kuruka usoni. Glavu, miwani, nje penye hewa, watoto mbali, kuku mbali. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, tena kwa muda mrefu. Habari za kupaka limau ziache. Na sufuria zetu za alumini marufuku kabisa. Kostiki inaitafuna alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Mimi natumia ndoo ya plastiki nene na mwiko wa chuma kisichoshika kutu, na vyombo hivyo havirudi jikoni.

Mchanganyiko ukishakuwa mzito kiasi kwamba mwiko unaacha alama juu yake, unamimina kwenye kasha. Uto wa nazi unashika haraka. Ukimimina asubuhi, kata jioni hiyo hiyo. Ukiulaza mpaka kesho unakuwa mgumu na kisu kinaupasua ovyo. Kilo moja ya uto inanipa vipande kumi na viwili hivi vya ukubwa wa mkononi. Baada ya hapo ni kungoja wiki nne hadi sita, vipande vimepangwa kwenye ungo, vimeachiana nafasi vipate hewa. Masika sabuni yangu hutoka jasho, kwa kuwa gliserini iliyomo inavuta unyevu wa hewani, na Tanga unyevu hauna haya. Haiharibiki, inachukiza tu kuishika. Ndiyo maana sasa napika nyingi Januari na Februari, kaskazi likiwa limekausha kila kitu.

Harufu bado ni vita. Asumini iliyolowekwa kwenye uto ilinukia vizuri sana mpaka ilipokutana na kostiki, ikafa. Mafuta ya karafuu yanabaki, lakini yanafanya mchanganyiko ushike ghafla, unajikuta unang'ang'ana na bonge. Mchaichai ndio unaoelekea kuelewana nami.

Sifa bora kuliko zote sikuipata kwa mtu wa vipodozi. Kijana wa jirani anayevua alichukua kipande, akarudi kutaka kingine. Sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, pale ambapo sabuni nyingi zinagoma. Anaogea hukohuko Deep Sea akishamaliza kushusha samaki, anarudi nyumbani hanuki. Mama yake ndiye aliyenishukuru.

Madodoki

Haya nayaonea fahari kwa sababu kazi yake ni ndogo na dodoki la mtandaoni bei yake ilikuwa ya kutia aibu. Mbegu ni ngumu, ziloweke usiku. Nilizitia ardhini vuli ilipoanza, nikafunga kamba za mkonge kutoka chini hadi juu ya ukuta, mmea ukajipandia wenyewe. Ukishashika haukuulizi. Umefunika ukuta, umekwenda kwa jirani, umeanza kutazama waya wa umeme.

Dodoki changa linaliwa, la kupika na nazi ni zuri. La kusugulia liache mtini mpaka likauke, liwe jepesi, mbegu zilie ndani ukilitikisa. Tangu kupanda ni miezi minne hadi sita. Unalibambua ganda, unakung'uta mbegu, unalifua, unalianika. Bafuni litundike likauke kila baada ya kuoga na usilitumie miezi na miezi. Dodoki linaloshinda limelowa linafuga vijidudu.

Kwa vile nimetaja mkonge: huo nao ulikuja kwa oda. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Nikikumbuka malalamiko yangu ya kichupa kimoja kilichovuja njiani, nanyamaza. Kutokana na 62 hizo yakaja mashamba yaliyoufanya mkoa huu ujulikane duniani, na miaka ya 1960 nchi ikawa inaongoza kwa singa, nyuzi za mkonge.

Mifuko, viroba na brenda

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na tangu hapo nimenunua mifuko mbadala mpaka ikawa na kabati lake. Sasa viroba vya unga vya kilo 25 vinakwenda kwa fundi cherehani wa Ngamiani, anatia bitana ya khanga kuukuu na vishikio. Ninavyovuka navyo barabara vimeandikwa "sembe", na sina tatizo nalo.

Viroba vilivyochanika vimejazwa udongo na samadi, vimeota mchicha na matembele. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele hata mbegu hayataki, unachomeka kipande cha mti. Mbegu za pakiti za picha ziliota chache, sizirudii.

Brenda ilipozima, zamani ningeagiza nyingine usiku huohuo. Fundi aliifungua, akanionyesha kaboni mbili zilizolika, akabadilisha nikiwa nimesimama palepale. Nilichomlipa hakifiki hata nauli ya mzigo.

Vilivyobaki kwenye simu

Naagiza bado, na nitaendelea. Mizani ya kupima gramu moja moja niliitafuta mjini nikaikosa; ilikuja na basi, na bila hiyo sabuni nisingethubutu. Betri ya simu yangu ya zamani pia, na dawa ya macho aliyoandikiwa mama. Vipodozi vya nazi, dodoki na mifuko vimekoma kabisa.

Kazi ya sasa ni mbili. Nataka kujaribu sabuni ya nazi iliyochanganywa na mawese, robo kwa robo tatu, nione kama itapunguza ukali bila kupoteza povu. Ikiwa hivyo, mvuvi wetu ndiye atakayeipima. Nyingine ni kutafuta nafasi ya mbegu za madodoki, maana ninazo nyingi kuliko ukuta. Aliye karibu aje achukue bure, mradi aniletee mbegu ya bamia za kienyeji, zile fupi nene, ambazo Mgandini kila nikiuliza naambiwa zilikuwepo jana.