Uombee Mtaa Uliohamia

Somo: Yeremia 29:1–14, 24–28

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimewawaza ndugu waliohamia mtaa mpya wa mjini. Mizigo imeshapangwa, pilikapilika zimekwisha, na sasa moyo umeanza kuuliza: hivi nilifanya vyema kuja huku? Swali hili haliji siku ya kuhama. Siku ile mtu ana kazi ya kubeba, kufungua na kutafuta swichi ya taa gizani. Linakuja baadaye, jioni, nyumba ikiwa kimya na sauti za majirani usiowajua zikisikika nyuma ya ukuta, unapogundua kwamba ukiugua usiku huu hujui utagonga mlango wa nani.

Tunapotafuta nyumba tunakagua yanayokagulika: kodi, maji, umbali wa kazini, shule ya watoto, usalama wa njia. Kujulikana hakukaguliki. Kule ulikotoka kulikuwa na mtu anayejua kwamba mwanao ana pumu, kwamba mama yako alifariki mwaka juzi, kwamba ukinyamaza sana ujue kuna jambo. Hukuwahi kuyaandika hayo popote. Yalikaa ndani ya watu, nao hukuwapakia pamoja na vyombo. Ndiyo maana mtu anaweza kupata nyumba nzuri kuliko ya kwanza na bado akajiona amepungukiwa. Tusimwambie kwamba hana shukrani. Ameondokewa na kitu cha kweli, na anayeomboleza haponi kwa kukaripiwa. Ezekieli alipofika kwa mateka waliokaa Tel-abibu, kando ya mto Kebari, aliketi kati yao siku saba katika ushangao mwingi (Ezekieli 3:15). Neno la Bwana lilimjia baada ya siku hizo saba.

Hata hivyo, moyo unaotazama nyuma haukumbuki yote. Wana wa Israeli jangwani walikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu, wakasema walikula bure (Hesabu 11:5). Bure! Watu ambao maisha yao yalitiwa uchungu kwa kazi ya chokaa na matofali, ambao watoto wao wa kiume waliamriwa kutupwa mtoni. Hawakuwa wanadanganya, samaki walikuwapo kweli. Ila uchovu ulikuwa umechuja kumbukumbu, ukabakiza ladha na kuondoa mjeledi. Unapoukumbuka mtaa wa zamani, jaribu kukumbuka pia sababu zilizokufanya uombe kutoka. Ziandike ikibidi, maana ulizijua vizuri wakati ule, na hazikuwa za kipuuzi.

Kuna wengine wanaopata shida ya namna nyingine. Waliomba kabla ya kuhama, wakashauriana na wazee, wakaona milango inafunguka, kisha walipofika mambo yakaharibika: ajira ikayumba, mtoto akaugua, jirani akawa mgumu. Wanajiuliza kama kweli ni Mungu aliyewaongoza. Someni Mwanzo 12 polepole. Abramu anaitwa, anatii, anafika Kanaani, anajenga madhabahu Shekemu na nyingine karibu na Betheli. Kisha aya ya 10: basi kulikuwa na njaa katika nchi ile. Njaa iko ndani ya nchi ya ahadi yenyewe, na sura haijaisha. Hofu ilimfanya Abramu atende vibaya huko Misri, lakini hakuna mahali Maandiko yanaposema kwamba njaa ilithibitisha kwamba wito haukuwa wa kweli. Ugumu wa kufika si ushahidi wa kutosha dhidi ya safari.

Sasa twende kwenye somo letu kuu. Mwaka wa 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli alimchukua mfalme Yekonia wa Yuda, ambaye pia huitwa Yehoyakini, pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wafua chuma, akawapeleka Babeli. Nabii Yeremia alibaki Yerusalemu. Akawaandikia barua, ikapelekwa kwa mkono wa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Tujaribu kuwaza watu wale walivyoipokea. Walitamani kusikia tarehe ya kurudi. Wakasomewa: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, ozeni na kuolewa, mzae, mwongezeke huko wala msipungue. Kisha likaja lililo gumu kuliko yote, kuutakia amani mji ule na kuuombea kwa Bwana, “kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani.”

Barua hii haikumpendeza kila mtu. Sura ya 28 inaeleza jinsi nabii Hanania alivyotangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili Yekonia na mateka wote watarudi. Na baada ya barua kufika, Shemaya Mnehelami aliandika kutoka Babeli kwa kuhani Sefania kule Yerusalemu, akilalamika kwa nini Yeremia hajakemewa, maana amewaambia watu kwamba uhamisho utakuwa wa muda mrefu. Hilo ndilo lililomkera, urefu wa muda.

Naona ndani yake jambo linalotuhusu sana. Ukiamini kwamba baada ya miaka miwili utaondoka, hutapanda mti wa matunda. Hutajifunza majina ya watoto wa jirani. Utaacha maboksi mengine yamefungwa pembeni. Mahubiri ya Hanania yalikuwa matamu masikioni, lakini matunda yake yangekuwa watu wanaoishi mahali bila kuishi hapo. Tunao Hanania wetu leo, na mara nyingi yuko ndani ya vifua vyetu. Ananong'ona kwamba huku ni pa kupita tu, usijichoshe. Kila jioni simu zote zinapigwa kwa watu wa mtaa wa zamani, kila Jumapili tunavuka mji mzima kurudi kwenye kanisa la zamani, na mwaka unakwisha bila mtu wa mtaa huu kutujua. Sisemi tuwakate rafiki wa zamani, hasha. Nasema mwili na moyo visipokaa anwani moja, mtu huchoka pande zote mbili.

Utaniambia: wale walitekwa, mimi nilichagua mwenyewe. Ni kweli, na hapo ndipo majuto yanapouma zaidi, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu. Lakini angalia barua inavyoanza. Aya ya 1 inasema Nebukadreza ndiye aliyewachukua mateka. Aya ya 4 Mungu anasema, mimi ndimi niliyewafanya wachukuliwe. Uamuzi wa mfalme mpagani ulikuwa wa kweli, tena wa ukatili, na bado haukuwatoa watu wale katika mkono wa Mungu. Ikiwa aliwashika waliopelekwa kwa ukatili wa mfalme, hatashindwa kumshika mtu aliyehama kwa hesabu zake mwenyewe, hata kama baadhi ya hesabu hizo hazikukaa sawa.

Na je, waliitii ile barua? Katika vumbi la Babeli wachimbaji wa Kijerumani, walioongozwa na Robert Koldewey kuanzia 1899, walikuta mabamba ya udongo ya ghala la mfalme, na baadhi yaliyochapishwa mwaka 1939 yanaorodhesha mgawo wa mafuta kwa Yehoyakini mfalme wa Yuda na wanawe watano. Yapo pia mabamba mengine, ya zamani zaidi kati yake yakiwa ya mwaka 572 kabla ya Kristo, yanayotaja makazi yaliyoitwa mji wa Yuda huko huko Babeli. Ni karatasi za maisha ya kawaida, kama tungesema leo: mashamba, madeni, kodi, mavuno ya shayiri na tende, na ndani yake watu wenye majina yanayobeba jina la Bwana. Mambo haya yananifariji sana. Watu waliowahi kulia kando ya mito ya Babeli na kutundika vinubi vyao walikuja kuwa watu wa kusaini mikataba ya mashamba kandokando ya mifereji ya nchi ile ile, na waliwaita watoto wao kwa jina la Mungu wao. Yehoyakini mwenyewe alifunguliwa gerezani mwaka wa 37 wa uhamisho wake (2 Wafalme 25:27). Barua ilisema kweli kuhusu urefu wa muda.

Aya ya 11 tunaipenda wote: mawazo ya amani wala si ya mabaya, tumaini siku za mwisho. Tunaibandika ukutani. Tusisahau kwamba inakuja baada ya aya ya 10, inayotaja miaka sabini. Wengi waliosomewa ahadi ile walijua watazikwa Babeli. Kwao tumaini lilianza na bustani ya msimu ule.

Basi kuuombea mtaa ni kufanya nini hasa? Ni kuanza na unachokijua, hata kama ni kidogo. Unajua kwamba mtoto wa nyumba ya juu hulia usiku. Waombee wazazi wake usingizi. Unajua kijana anayekaa kwenye kona mchana kutwa. Ombea kazi yake, na kabla ya kumwogopa msalimie. Unapita kwenye mtaro ulioziba. Omba, kisha uliza ni nani anayeshughulikia mitaro. Maombi ya namna hii yana tabia ya kumtoa mtu nje. Huwezi kumwombea mama wa pembeni kwa majuma mengi bila kutaka kujua anaitwa nani. Ukishajua jina lake, naye kajua lako, ule upungufu niliousema mwanzoni umeanza kuzibwa, na hukuuziba kwa kujitafutia faraja. Ndivyo ninavyoielewa amani ya mji inavyogeuka kuwa amani ya mgeni. Mungu angeweza kuwapa mateka amani yao ya pekee, iliyozungushiwa ukuta. Akaiweka ndani ya amani ya Wababeli.

Nasisitiza Wababeli, kwa sababu wapo watakaosema mtaa wao hauombeki, una kelele, una majivuno, watu hawasalimiani. Huenda. Lakini hawajapora hekalu lako. Barua haikuwataka mateka wausifu Babeli wala waige njia zake. Danieli na wenzake waliitumikia serikali ya mji ule kwa uaminifu, na wenzake hao watatu walipotakiwa kuabudu sanamu walikataa.

Hapa lazima niseme jambo lingine bila kuzunguka. Kukosa raha na kuwa hatarini ni vitu viwili. Kama nyumba si salama, kama kuna anayemtishia mwanao, kama kodi inakula chakula cha watoto, kuondoka si kukosa imani. Yusufu, mume wa Mariamu, alihamia Misri usiku kumwokoa mtoto Yesu mikononi mwa Herode, akarudi alipoambiwa, kisha alipotaka kukaa Uyahudi akasikia Arkelao, mwana wa Herode, anatawala, akaogopa, na baada ya kuonywa katika ndoto akaenda Galilaya (Mathayo 2). Hofu yake haikukaripiwa. Anayekuambia uvumilie hatari kwa jina la Bwana anakutwisha mzigo ambao Bwana hakuutaja. Naomi naye alirudi Bethlehemu, na kurudi kwake kulikuwa na baraka. Ninachoomba ni kwamba uamuzi wa kurudi usifanywe katika ule uchovu wa mwanzo, usiku, peke yako.

Nawapenda sana Akila na Prisila kwa sababu hii. Walifukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakakaa Korintho, wakahamia Efeso, na Paulo anapoandika kwa Warumi anawasalimu tena huko Rumi. Hawakuwa watu wa mahali pamoja. Lakini Korintho walimkaribisha Paulo nyumbani wakashona mahema pamoja, Efeso walimchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na Efeso na Rumi kote kulikuwa na kanisa nyumbani mwao. Walijenga kila walipofika, bila kungoja wahakikishiwe kwamba hawatahamishwa tena.

Na sisi tuliokaa mtaa mmoja miaka mingi, tafakari hii inatudai. Mgeni anaweza kuomba kwa bidii zote, lakini hawezi kujijulisha peke yake kama wenyeji wamefunga milango. Tunaingia kanisani, tunakaa viti vyetu, tunasalimiana na wale wale, na anayekuja mara ya tatu anatoka bila mtu kumwuliza jina. Bwana alisema, nalikuwa mgeni, mkanikaribisha. Jumapili hii, kabla hujawafuata rafiki zako nje baada ya ibada, mtafute usiyemjua. Muulize amehamia wapi, alitoka wapi, na usiku akipata shida atampigia nani. Kama hana jibu la swali hilo la mwisho, mpe namba yako.